Aliyefumba Macho Njia Panda

Kila alipofika njia panda alishuka baiskeli. Iwe barabara pana ya changarawe inayopanda kuelekea Buyengero, au kijia cha mbuzi katikati ya michikichi, kwake ilikuwa sawa. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye nyonga, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Halafu alifumbua macho na kuonyesha upande kwa kidevu. Mara nyingi upande huo haukuwa wenyewe.

Wageni walidhani anasali, na waliokuwa na adabu walivua kofia zao ngumu mpaka amalize. Mimi pia nilidhani anasali. Ni mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, na nilijiambia kwamba kumwuliza mtu anazungumza nini na Mungu wake si kazi yangu. Leo najua alichokuwa akisema, lakini bado siwezi kuapa kwamba haikuwa sala.

Nilianza kufuatana naye kwa sababu ya ramani. Nina kiduka karibu na soko la Rumonge, nachaji simu, natoa fotokopi, nachapa karatasi za watu. Nilivuka ziwa kutoka upande wa Fizi nikiwa kijana, na shule yangu iliishia kule kabla haijafika mbali. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye vitabu vilivyochakaa na baadaye kwenye simu. Waendesha baiskeli wa Bujumbura walipoanza kuja mwisho wa juma, na baiskeli zao nyepesi zenye matairi manene, walikuwa hawataki lami. Walitaka udongo, mawe, vilima. Waliingia dukani kwangu kuulizia ramani ya njia za juu, na ramani haikuwapo. Niliamua kuichora. Kila niliyemwuliza nani anazijua njia hizo alinijibu neno moja: tafuta Mwalimu, ule iko mu njia kila siku.

Hilo lilikuwa kweli. Kwa nini alikuwa njiani kila siku, hakuna aliyeniambia.

Ualimu wake ulibaki Tanzania. Kule kambini alifundisha jiografia, na alinionyesha mara nyingi kwamba hakuisahau: alichukua kijiti, akachora Afrika kwenye vumbi bila kuinua mkono, akaweka maziwa yote mahali pake, na Tanganyika akaichora mwisho, ndefu na nyembamba, kama mtu anayetia sahihi. Aliporudi, shule za hapa zilitaka Kifaransa na Kirundi cha darasani, naye alikuwa na Kiswahili cha Tanzania na Kirundi cha mama yake. Chaki ikaisha hapo. Alinunua baiskeli nzito ya chuma, akawa anateremsha madumu ya mawese kutoka kwenye mashine za vilimani hadi sokoni, kisha akawa kiongozi wa wageni. Jina la Mwalimu halikumtoka, na yeye alilitunza: shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, mguu wa suruali umefungwa kwa ukanda wa mpira usiingie kwenye mnyororo.

Wauza ndagala walimtania kwa Kiswahili chake. Akisema "samaki hawa ni wachache", wao walimjibu, "Iko mingi, Mutanzania, nunua tu." Alinunua, akawasahihisha, wakacheka, na kesho yake walirudia mchezo uleule. Nadhani aliupenda. Sina hakika.

Kama kiongozi alikuwa na kasoro moja ambayo ingemfukuzisha mwingine yeyote: alifika wa mwisho. Baiskeli yake haikuwa na gia, kwa hiyo kila kilima alikipanda kwa miguu, akiisukuma, bila haraka na bila aibu. Wageni walimsubiri juu kileleni wakiwa wameshakula ndizi zao na kupiga picha za ziwa. Alipowafikia alisema, "Sasa tunaweza kuanza," na walicheka kila mara. Akiulizwa kumebaki umbali gani, jibu lake lilikuwa "bado kidogo, siyo sana", na alilitoa hata tulipokuwa tumepotea kabisa. Mgeni mmoja alituambia kwamba kwao watu huendesha hivi katikati ya mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo kila kituo. Mwalimu alifikiri sana juu ya hilo. Kisha akasema kwamba sisi tuna michikichi, na mawese hayanyweki, ila kuna chai.

Simu yangu hakuipenda. Nilikuwa naiacha ichore mstari wa tulikopita, na jioni nililinganisha mstari wa leo na wa juzi. Alinitazama siku moja nikifanya hivyo, akasema, "Hiyo inajua tulipo. Haijui tunakokwenda." Nilitaka kumwambia kwamba na yeye hakujua.

Maana mistari ile ilinichanganya akili. Nilitegemea nikiiweka yote pamoja nitaona mtandao wa njia, kama mishipa ya jani. Nilichokiona kilifanana na uzi aliouchezea paka. Tulikuwa tunatoka ufukweni, tunapita mashine ileile ya mawese, tunapanda hadi jiwe moja kubwa, na baada ya jiwe hilo kila safari ilikwenda kwake. Mara kaskazini kuelekea Muhuta, mara juu kwenye mihogo, mara tunazunguka na kurudi jiweni. Mimi ni mtu wa mpangilio. Nilikaa na mistari ile nikitafuta kanuni yake, na sikuipata.

Mwishowe nilimwuliza, tukiwa tumekaa kivulini chini ya jiwe lenyewe, naye hakunificha. Alinijibu kama anayetaja bei ya sabuni.

"Natafuta mahali nyumba ya baba ilipokuwa. Siyo shamba, usinielewe vibaya. Mahali tu. Nisimame, niseme baba, nimefika, halafu nirudi zangu nikale."

Alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni watu wa pwani hii walipokimbia. Baba yake alifia kambini bila kurudi. Yeye aliporudi pamoja na warapatriye, wakimbizi wengine waliorudishwa nchini, alipewa nyumba ya mabati katika kijiji cha amani, na alisema hakosi kitu pale. Lakini baba yake alikuwa amempa kazi. Kila jioni kambini, kabla ya chakula, watoto wa nyumba ile walisimama na kusema njia ya kwenda kwao. Si wao peke yao. Wazazi wengi walifanya hivyo, ili mtoto asije akarudi siku moja na kuzurura kama mgeni. Njia ile ndiyo aliyokuwa akiisema kila njia panda, tangu mwanzo, macho yamefumbwa.

Niliomba aiseme kwa sauti. Alikataa. Alisema akiisema kwa sauti mbele ya mtu atasikia sauti yake badala ya sauti ya baba.

Kwa hiyo nilijua anachotafuta, na bado sikujua alama zake. Niliona tu kwamba kulikuwa na mahali pamoja alipopunguza mwendo. Ni shamba la michikichi juu kidogo ya jiwe, limezungushiwa ua wa miti ya miyenzi, na kijito kinapita chini yake. Alipita pale polepole, akitazama, hakusimama. Mwenye shamba ni mzee wa umri wake au zaidi kidogo, mkazi wa tangu zamani, na alikuwa akitoka na panga lake la kukatia mikungu, anasimama penye upenyo wa ua.

Ni rahisi kumwelewa. Huku kila mtu anamjua mtu aliyerudi kutoka Tanzania na kudai shamba, na kila mtu anamjua mtu aliyeamka asubuhi na kukuta shamba lake limegawanywa. Sasa mzee huyu alikuwa anamwona mrapatriye mmoja akipita kwenye ua wake wiki baada ya wiki, na nyuma yake wageni wenye kofia ngumu, kila mmoja ana kimashine kwenye usukani kinachotoa mlio. Siku moja alizuia njia.

"Munapima nini hapa?"

Mwalimu alisema hawapimi kitu, wanatembea tu. Mzee akauliza nani hutembea na mashine. Kijana mmoja wa Bujumbura, mtu mwema sana, akaona njia bora ni kumwonyesha. Alisogeza usukani, mzee akainama kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa kilima chake, na mstari mwekundu umepita katikati ya michikichi yake.

Sikumlaumu mzee kwa alichosema baada ya hapo. Tangu siku ile alikata matawi ya miiba akayapanga kwenye kijia, na mimi nilianza kuogopa siku ambayo panga litainuliwa. Nilimwomba Mwalimu tuache njia ile. Alikubali, na safari iliyofuata, kwenye njia panda ya jiwe, alifumba macho, midomo ikacheza, kidevu kikaonyesha kulekule.

Hapo ndipo utata wake uliponichosha. Aliniapia kwamba hataki ardhi, na niliamini. Lakini mgeni akiokota chikichi moja iliyoanguka njiani, alimkaripia airudishe chini ya mti wake, kwa ukali wa mwenye mali. Alikuwa mpole kwa kila mtu, na hakuwa tayari kumpa mzee wa watu usingizi. Nilimweleza hili. Aliniambia, "Nikiacha kupita, nitakuwa nimemwambia baba kwamba hapapo."

Kituo chetu cha chai kilikuwa kwa mama mmoja kwenye kona ya barabara ya changarawe, kabla mteremko wa mwisho haujaanza. Anakaanga mandazi, ana mabenchi mawili na turubai. Yeye pia alikulia Tanzania, lakini hawakuwa wamewahi kuzungumza mengi. Mwalimu alikunywa chai yake amesimama, akichunga baiskeli za wageni. Siku moja mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye udadisi, alimwuliza anachosali njiani. Mimi nilitafsiri nikijua atakataa. Hakukataa. Labda alikuwa amechoka, labda miiba ya mzee ilikuwa imemfikisha mahali. Aliweka kikombe chini, akafumba macho, akaisema kwa sauti, na ilikuwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Toka ziwani, mgongo uelekee maji. Pita mashine ya mawese. Panda mpaka jiwe la ng'ombe aliyelala. Vuka kijito. Shika mkono wa kula. Vuka kijito tena. Michikichi mitatu, mmoja umeinama. Hapo ni kwetu."

Mama wa chai alikuwa ameinua birika, na hakumimina.

"Rudia, Mwalimu. Kutoka jiweni."

Alirudia.

"Hiyo njia naijua," alisema. "Siyo ya hapa."

"Ni ya hapa. Jiwe lipo."

"Hata kambini lilikuwepo, kaka yangu. Kambi ya kwanza, kabla hamjahamishwa. Wazee ndio waliolipa jina, walisema limefanana na la kwao. Kila kitu walikipa jina la huku, hata mtaro. Kijito mara mbili ni mtaro wa kwenda kisimani; unauvuka, unashika kulia, unauvuka tena. Na michikichi mitatu aliipanda baba yako, mbegu alitoka nazo huku mfukoni. Sisi tuliokota chikichi pale. Ninyi malori yaliwachukua, wewe hujaanza hata shule."

Mgeni aliniomba nimtafsirie, na sikuweza. Mwenzake aliuliza kama mandazi bado yapo. Mwalimu alikaa kwenye benchi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya pale, akauliza swali moja tu.

"Ule mmoja uliinama?"

"Uliinama. Sisi ndio tuliouinamisha, kwa kuning'inia."

Nilirudi dukani nikafungua mistari yangu yote, na kwa mara ya kwanza nikaiona kanuni. Kutoka ziwani hadi jiweni safari zote ni moja, kwa sababu sehemu ile baba aliisema kwa kukumbuka. Baada ya jiwe ni uzi wa paka, kwa sababu sehemu ile baba aliifundisha kwa kumtembeza mtoto, mkono kwa mkono, mahali walipokuwa wanaishi wakati huo. Mtoto alishona njia mbili zikawa moja. Alikuwa anatafuta kisima cha Tanzania kwenye vilima vya Rumonge. Nilifurahi kwa kuelewa, kisha nikaona aibu kwa kufurahi, maana alichopoteza kilikuwa hicho hicho nilichokielewa.

Hakuonekana kwa muda. Waendesha baiskeli walikuja nikawaongoza mwenyewe, kwa simu, na hatukupotea hata mara moja, na mmoja wao aliniambia kwamba safari haikuwa nzuri kama zile nyingine.

Kisha asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu, shati limepigwa pasi. Aliniomba nimsindikize kwa yule mzee. Nilimwuliza anakwenda kufanya nini. Alisema mzee amelala vibaya kwa sababu yake muda mrefu, na sasa kuna habari ya kumpa. Tulipanda polepole, wote wawili tukisukuma. Mwalimu aliondoa matawi ya miiba moja moja na kuyapanga pembeni vizuri, kama mtu anayefungua mlango wa mwenyewe kwa heshima.

Mzee alitoka na panga. Mwalimu alimwamkia, "Amahoro," akasimama nje ya ua.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kukwambia kwamba siyo hapa. Nilikosea. Sitapita tena."

Mzee hakuamini. Aliuliza kama siyo hapa, mbona alikuwa anapita kila siku. Ndipo Mwalimu akamweleza yote: baba, jioni za kambini, mtaro wa kisima, mama wa chai. Na ili aeleweke, aliisema njia kwa sauti, tangu ziwani hadi michikichi mitatu. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwalimu alipomaliza, mzee alichomeka panga kwenye shina la mchikichi, akaingia ndani, akarudi na kiti kimoja. Alikiweka mbele ya Mwalimu. Mimi nilikaa kwenye jiwe dogo.

Kuku walipita. Halafu mzee akasema, akitazama chini:

"Zamani vijito vilikuwaka mbili."

Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Alisema kile cha pili marehemu baba yake alikifunga, akapeleka maji ku mashine ya mawese, yeye akiwa bado kijana. Alisema kulikuwa na mchikichi wa kuinama pia. Ulianguka na mvua.

"Mbona hukusema?" nilimwuliza. Ilinitoka tu.

"Ningesema namna gani, ndugu? Na mashine zenu zile?"

Ninaandika hapa nilichokiona, na sina zaidi. Nyuma ya nyumba kuna bonde dogo, limekauka, limejaa makuti. Linaweza kuwa njia ya maji ya zamani. Linaweza pia kuwa mtaro ambao mtu yeyote angechimba kulinda mihogo yake. Nililikagua nilivyoweza, nikatazama udongo, nikatafuta mchanga wa kijito, nikapata kidogo, na mchanga kidogo uko kila mahali huku. Mzee aliyasema hayo baada ya kuisikia njia yote, siyo kabla. Inawezekana alikuwa anatoa siri aliyoishika kwa woga, na woga ukamtoka. Inawezekana alimwona mtu wa umri wake amesimama nje ya ua mikono mitupu, akampa alichoweza kumpa. Na mama wa chai hakusema uongo, hilo najua. Nimelipima jambo hili kila upande na halikai.

Mwalimu hakupima. Aliinuka kwenye kiti, akaenda hadi ukingo wa lile bonde. Alivua viatu. Alifungua ule ukanda wa mpira, akakunja suruali hadi magotini, mguu mmoja kisha mwingine, akavuka pale pakavu taratibu, akipapasa kwa nyayo kama mtu anayekwepa mawe yenye utelezi. Upande wa pili alisimama ametugeuzia mgongo. Macho yake sikuyaona. Alisema kitu, kifupi. Kisha akavuka tena kurudi, akakunjua suruali, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Murakoze," alimshukuru, na hakumsahihisha mtu Kiswahili siku hiyo.

Tulipoondoka, mzee alikuja nyuma yetu hadi kwenye upenyo wa ua. Matawi ya miiba aliyaacha pembeni yalipopangwa. Mwalimu aligeuka akautazama mfuko nilimoweka simu.

"Mahali pale usipaweke kwenye ramani."

Nilimwuliza ni kwa sababu amefika, au kwa sababu hajafika. Alisema ni kwa sababu mzee anataka kulala. Tukateremka. Kwenye njia panda ya jiwe alishuka kama kawaida, nami nikasubiri afumbe macho. Hakuyafumba. Alinigeukia mimi.

"Tunashika wapi?" aliniuliza.

Nilimwonyesha, na alinifuata hadi chini.

Ramani sasa imekamilika, naichapa dukani kwa anayeitaka. Njia inatoka ziwani, inapita mashine ya mawese, inapanda hadi jiweni, na hapo, badala ya kwenda moja kwa moja, inazunguka kilima kizima bila sababu inayoonekana. Waendesha baiskeli huniuliza. Mimi, ambaye sipendi kuandika kitu nisichokipima, huwajibu kwamba upande ule kuna mteremko mbaya.